Dan Eldon: mpiga picha kijana aliyeacha madaftari 17

Baada ya kipindi chetu cha kazi za vijana, msikilizaji mmoja wa Mlowo alitutumia meseji. Anapiga picha za harusi, za ubatizo na za mahafali, na kazi hiyo aliianza akiwa na miaka 18. Aliuliza hivi: nikifa leo, nani atajua nilikuwa mtu wa namna gani? Tuliisoma hewani, tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza, maana hatukuwa na jibu la kumpa kabla ya taarifa ya habari.

Jibu letu ni makala haya. Tumechagua kueleza habari za kijana aliyekulia Nairobi, akapiga picha, akafa akiwa na miaka 22, na ambaye leo tunamjua vizuri kuliko tunavyowajua wapiga picha wengi waliozeekea kazini. Picha zake ni sehemu tu ya sababu. Sababu kubwa ni madaftari. Jina lake ni Dan Eldon. Makala ni marefu, kwa hiyo kama bando lako ni dogo, hifadhi ukurasa usome baadaye.

Alikotoka

Dan alizaliwa London, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1970. Mama yake, Kathy Eldon, ni Mmarekani, na baba yake, Mike Eldon, ni Mwingereza. Mwaka 1977 familia ilihamia Nairobi kwa sababu ya kazi ya baba, aliyekuwa katika biashara ya kompyuta wakati watu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wanazisikia kompyuta kwa kusimuliwa tu. Mama alikuwa mwandishi, na makala zake zilitoka katika gazeti la Nation. Dan na mdogo wake wa kike, Amy, wakakulia huko.

Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Wazee wetu waliokuwa na ndugu upande wa pili wanaikumbuka miaka hiyo. Na tarehe 1 Agosti 1982, Dan akiwa bado hajatimiza miaka 12, askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Kwa hiyo mtoto huyu hakukulia mahali palipotulia kama inavyoweza kudhaniwa.

Hata hivyo tuseme wazi: alikuwa mtoto wa familia yenye uwezo. Alisoma shule ya kimataifa, alishika kamera mapema, alisafiri kwa ndege tangu utotoni. Kijana wa Tunduma akisema hawezi kujilinganisha naye, ana hoja, na hoja hiyo tutaigusa tena huko mbele.

Madaftari yenyewe

Kiswahili sanifu kina neno shajara, yaani kitabu cha kuandika mambo ya kila siku. Wengi wetu tunasema dayari, au daftari la kumbukumbu. Dan alianza ya kwake akiwa shuleni, katika umri wa miaka 14 au 15, na hakuacha. Alipokufa aliacha madaftari 17 yenye majalada magumu meusi. Ukitaka kupata picha yake, fikiria kaunta buku ya mwanafunzi wa sekondari iliyobandikwa vitu mpaka haifungiki.

Neno shajara, hata hivyo, linaweza kukupotosha. Ukilisikia unadhani ni maandishi mistari kwa mistari: leo niliamka, nikanywa chai, nikaenda shule. Madaftari ya Dan hayako hivyo. Maandishi ni machache. Ukurasa mmoja una picha aliyoipiga mwenyewe, juu yake amepaka rangi, pembeni amebandika kipande cha gazeti, stempu, tiketi, kipande cha ramani, shanga, manyoya ya ndege. Juu ya sura ya rafiki ameongeza pembe au kinyago. Kuna mizaha mingi na michoro ya vibonzo, kuna wasichana aliowapenda, kuna Wamasai aliokuwa akiwatembelea. Ukurasa unaofuata unakuta giza, mistari ya wino iliyokwaruzwa kwa hasira, na neno moja au mawili tu.

Hapo ndipo sisi tunaona ufundi wa mpiga picha huyu ulipoanzia. Picha ikitoka kwenye kamera, wengi wetu tunaona kazi imekwisha. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Aliikata, akaigeuza, akaiweka karibu na nyingine, akaangalia zinasema nini zikiwa pamoja. Alifanya hivyo kwa miaka saba au minane kabla hajawa mpiga picha wa habari, bila bosi na bila mteja. Hakuwa anayatengeneza ili yachapishwe. Marafiki waliweza kuyaona, lakini hayakuwa bidhaa.

Madaftari yanaonyesha pia kwamba hakuishia kutazama tu. Akiwa na miaka kama 14, yeye na Amy na wenzao walichangisha fedha za kumpeleka hospitali msichana Mkenya aliyehitaji upasuaji wa moyo. Fedha zilipatikana, lakini msichana hakupona. Mwaka uliofuata alianza kununua shanga kutoka kwa familia moja ya Kimasai na kuwauzia wanafunzi wenzake ili familia hiyo ipate kipato. Anayefikiri ni utoto tu, akumbuke yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini akiwa na miaka 15. Sisi tulikuwa tunachunga na kukimbia shule.

Alimaliza shule mwaka 1988. Kipindi hicho wazazi wake walitengana, mama akaondoka Nairobi. Dan naye akaanza maisha ya kuhamahama: New York, California, London, kisha Nairobi tena. Alijiunga na chuo hiki, akahamia kile, hakutulia darasani. Ukitaka kujua mtu anakuwaje mtu mzima, usitafute siku moja. Katika madaftari ya miaka hii utamwona kijana anayecheka na wenzake ukurasa mmoja, na ukurasa wa pili yuko peke yake katika mji asioujua.

Tukumbuke pia ulikuwa wakati wa barua. Simu ya kwenda nchi nyingine ilikuwa ghali na simu za mkononi hazikuwapo huku kwetu. Familia iliyotawanyika katika mabara matatu iliongea kwa karatasi. Wasikilizaji wetu wa umri wa miaka 45 na kuendelea wanajua tunachosema: barua iliyopita posta kwa wiki tatu, au ile ya mkononi aliyopewa dereva wa lori la Lusaka na ikafika imekunjwa mara nane. Barua ina faida moja ambayo simu haina. Aliyeipokea anaweza kuitunza kwenye sanduku, na mtoto wake akaisoma.

Safari ya Malawi, na mpaka wetu

Sehemu hii inatuhusu zaidi sisi wa nyanda za juu kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilikuwa vimesukuma watu wengi sana kuvuka kuingia Malawi. Vita hivyo vilianza mwaka 1977 na viliisha kwa mkataba uliosainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Idadi ya wakimbizi ndani ya Malawi ilifika karibu milioni moja, katika nchi ndogo na maskini. Wazee wa Ileje, wilaya inayopakana na Malawi kwenye mto Songwe, wanaijua vizuri hali ya jirani zao wa wakati ule.

Dan alipata kuiona kambi ya wakimbizi hao katika safari moja ya gari. Aliporudi chuoni California aliwakusanya wenzake, wakaanzisha kikundi cha wanafunzi cha kuchangisha fedha. Mwaka 1990 vijana zaidi ya kumi kutoka nchi mbalimbali walitoka Nairobi kwa magari matatu kuelekea Malawi. Lake lilikuwa Land Rover chakavu alilolipa jina la kike, Deziree. Walipofika walitoa gari moja libaki kwa kazi ya wakimbizi, wakatoa fedha za kuchimba visima, na vifaa kwa ajili ya hospitali ya watoto.

Kwa barabara, anayetoka Nairobi kwenda Malawi anaikata Tanzania kutoka juu mpaka chini. Njia ya kawaida ni kufika Mbeya, kushuka Tukuyu, kisha Kyela na mpaka wa Kasumulu, daraja la mto Songwe. Anayekwenda Zambia ndiye anayekuja huku kwetu Tunduma. Wakati ule mkoa wa Songwe haukuwapo, kwani ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hatusemi kwamba kuna mtu wa hapa aliyemwona. Tunataka tu msomaji ajue kwamba habari hii ina barabara anayoifahamu, ile ya malori na mabasi ya usiku.

Safari hiyo ilijaa madaftari. Magari yanaharibika, watu wanalala chini, vijana wanagombana na kupatana, na katikati ya hayo kuna nyuso za wakimbizi. Neno letu la safari lilimkaa kichwani mpaka likawa namna yake ya kuelezea maisha yote. Kitabu kimoja kilichotolewa mwaka 2011 kutokana na kazi zake kina neno hilo la Kiswahili katika jina lake la Kiingereza.

Somalia

Mwezi Januari 1991 Rais Siad Barre wa Somalia aliondolewa madarakani. Waliomwondoa hawakukubaliana nani atawale. Mogadishu ikagawanyika kati ya wafuasi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid na wale wa Ali Mahdi Mohamed, mashamba yakaachwa, chakula kikaporwa. Mwaka 1992 njaa iliua watu wengi sana, hasa maeneo ya Baidoa.

Dan alikuwa Kenya mwaka huo. Alikwenda kupiga picha za wakimbizi na za njaa, akiwa kijana wa miaka 21 asiye na jina. Picha zilikuwa nzuri mno kupuuzwa, na muda si mrefu akawa anapigia shirika la habari la Reuters. Kwa wasiojua, Reuters ni shirika lililoanzishwa London mwaka 1851, na kazi yake ni kukusanya habari na picha na kuyauzia magazeti, redio na televisheni za dunia. Mpiga picha wa shirika kama hilo akibonyeza mara moja Mogadishu, picha inaweza kuonekana kesho yake Tokyo na New York.

Tukisema kubonyeza mara moja tunarahisisha. Ulikuwa wakati wa filamu. Rolo moja ilikuwa na picha 36, na baada ya hapo unafungua kamera na kuweka nyingine huku risasi zinalia. Jioni unaisafisha filamu kwa dawa, mara nyingi bafuni hotelini penye giza, unachagua picha chache, kisha unazituma kwa mashine kupitia simu ya setilaiti. Picha moja ya rangi ilichukua dakika nyingi kufika. Wapiga picha wetu wa zamani wa studio, wale wa picha za paspoti za kusubiri wiki, wataelewa kazi iliyokuwapo.

Tarehe 9 Desemba 1992 majeshi ya Marekani yalitua Mogadishu kulinda misafara ya chakula. Mwanzoni watu wengi waliyapokea vizuri. Dan naye alizoeleka mjini. Vijana wenzake wa habari walimwita kwa utani meya wa Mogadishu, kwa jinsi alivyojuana na watu mitaani. Alitengeneza fulana na kadi za posta akawauzia askari na waandishi, na akatoa kitabu kidogo cha picha zake za Somalia. Mfanyabiashara wa shanga hakuwa amekufa.

Mambo yalibadilika mwaka 1993. Umoja wa Mataifa ulichukua usukani mwezi Mei. Tarehe 5 Juni askari 24 wa Pakistan waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa waliuawa, na kuanzia hapo ikawa vita ya kumsaka Aidid. Picha za Dan za mwezi huo zilitoka kwa ukubwa katika magazeti na majarida ya nje, likiwamo Newsweek. Alikuwa amefika pale ambapo kila mpiga picha wa habari anatamani kufika.

Madaftari ya kipindi hiki ndiyo magumu zaidi kuyatazama. Kurasa za ujana zina rangi nyekundu, njano na mizaha. Za Somalia zina bunduki, maiti na watoto waliobaki mifupa. Ndugu msikilizaji, unaweza kudanganya katika barua kwa mama ili asiwe na wasiwasi. Kila kijana aliyewahi kwenda mbali kutafuta maisha ameandika kwamba hajambo wakati mambo si mazuri. Daftari lako mwenyewe ni vigumu kulidanganya. Ndiyo maana ukiyafuata madaftari haya kwa mpangilio, kutoka la kwanza hadi la mwisho, unaona kitu ambacho picha za gazetini hazikukionyesha: mtu nyuma ya kamera alikuwa anaumia.

Jumatatu ya tarehe 12 Julai 1993

Siku hiyo helikopta za Marekani zilishambulia kwa makombora nyumba moja mjini Mogadishu. Waliopanga shambulio walisema ni kituo cha uongozi cha Aidid. Wasomali walisema ndani walikuwamo wazee wa ukoo waliokutana kwa mazungumzo. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa, kutoka watu 20 waliotajwa na Umoja wa Mataifa hadi zaidi ya 70 waliotajwa na Wasomali.

Waandishi wa habari walikwenda kwenye nyumba hiyo pamoja na Wasomali waliotaka dunia ione kilichotokea. Walipofika, walikuta umati wenye uchungu na hasira kwa ndugu zao waliouawa muda mfupi uliopita. Hasira ikawageukia wageni wenye kamera. Wanne waliuawa kwa mawe na vipigo. Mwenzao, Mohamed Shaffi, mpiga picha wa video wa Reuters, alijeruhiwa lakini akaokoka.

Waliouawa ni Dan Eldon na Hos Maina, wapiga picha wa Reuters, Anthony Macharia, fundi sauti wa Reuters, na Hansi Krauss, mpiga picha Mjerumani wa shirika la Associated Press. Maina na Macharia walikuwa Wakenya.

Baadhi ya waliosimulia habari hii wameiacha ile nyumba nje ya simulizi, kana kwamba umati ulitokea hewani. Wengine wameutaja umati kama ndio habari yote. Sisi tunaona vyote viwili lazima vikae katika sentensi moja: watu waliokuwa wakifiwa waliwaua watu waliokuja kuonyesha vifo hivyo.

Wanne walikufa, mmoja anajulikana

Sasa turudi kwenye hoja tuliyoiahirisha. Tafuta mtandaoni jina la Dan Eldon na utapata vitabu, filamu na maonyesho. Mwaka 1997 mama yake alichagua kurasa kutoka yale madaftari na kuzitoa kama kitabu huko Marekani, kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema safari yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Kilisomwa sana na vijana, na walimu wa sanaa wakakitumia. Mwaka 1998 Amy alionekana katika filamu ya kumbukumbu ambamo anawafuata waandishi wa vita na kuwauliza kwa nini wanakwenda huko. Mwaka 2001 mwandishi mwingine alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya kuigiza. Baba yake alianzisha Nairobi kituo cha kuwafundisha vijana uongozi kinachobeba jina la mwanawe.

Kisha tafuta Anthony Macharia. Utapata mistari michache, na karibu yote inahusu namna alivyokufa. Hos Maina kidogo zaidi. Hawa walikuwa watoto wa Kenya, majirani zetu, na walisimama mahali pale pale siku ile ile. Macharia naye alikuwa kijana mdogo.

Sehemu ya sababu ni ile tuliyoitaja mwanzoni. Familia ya Dan ilikuwa na uwezo, na mama yake alikuwa mwandishi aliyejua kitabu kinatengenezwaje na mchapishaji anapatikana wapi. Hilo haliwezi kukanushwa. Lakini fedha na maarifa vingekosa cha kufanyia kazi kama yasingekuwapo madaftari 17 mezani. Picha za Maina zilikwenda Reuters na zikaonekana duniani. Picha ya habari ina jina la mpiga picha kwa maandishi madogo chini yake, na inamweleza aliyepigwa. Aliyeipiga haielezi habari zake.

Na hata madaftari yasichukuliwe kuwa ukweli wote. Kitabu cha 1997 ni kurasa zilizochaguliwa na mama aliyefiwa na mwanawe miaka minne nyuma. Mama yeyote angechagua kwa namna ya mama. Anayesoma anamwona Dan kwa macho mawili, ya Dan mwenyewe na ya Kathy, na si rahisi kujua jicho moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Wale Wamasai, wale wakimbizi wa Malawi, wale watoto wa Baidoa, wamo kurasani, lakini kama wao wangekuwa na kaunta buku zao, tungesoma pia walivyomwona huyu kijana mzungu mwenye kamera na Land Rover bovu.

Kuna njia nyingine ya kubaki. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, hajulikani kwa shajara. Alianzisha kampuni yake ya picha Dar es Salaam mwaka 1963, akaitunza kila picha kwa mpangilio, na alipokufa katika ajali ya ndege iliyotekwa mwaka 1996 aliacha ghala kubwa la picha zinazotumika mpaka leo. Huyo ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Ghala lake linatueleza Afrika ya miaka 30. Kuhusu moyo wa Amin mwenyewe, inabidi tuwaulize waliomfahamu.

Tulichomjibu kijana wa Mlowo

Kabla ya kumpigia simu tulijitazama sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita simu iliyokuwa na picha zote za matukio ya redio yetu ilidumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi aliihangaikia wiki nzima, akaturudishia kava. Sherehe za miaka mitatu zikapotea: wasikilizaji waliotutembelea, mtangazaji mwenzetu siku aliyoaga kwenda masomoni, foleni ya malori ile tuliyoipiga tukiwa juu ya paa. Kilichobaki ni picha mbili tulizowahi kuzisafisha kwa ajili ya ubao wa matangazo. Nyuma ya moja kuna maandishi ya kalamu, tarehe na majina matano. Nyuma ya nyingine hakuna kitu, na tayari tunabishana yule wa kushoto ni nani.

Tulimweleza kijana habari za Dan kama tulivyozieleza hapa. Tukamwambia hahitaji rangi wala manyoya ya ndege. Picha moja kwa mwezi iliyosafishwa, ibandikwe kwa gundi, chini yake jina la mtu, mahali, tarehe, na sentensi moja ya jambo ambalo halionekani pichani: kwamba bibi harusi alikuwa amelia asubuhi, kwamba mvua ilinyesha wakati wa keki, kwamba siku hiyo yeye mpiga picha alikuwa na njaa.

Akasema kaunta buku anayo, ila imejaa hesabu za wateja, nani amelipa na nani anadaiwa. Tukamwambia hiyo nayo ni shajara, aendelee nayo hiyo hiyo. Akauliza kama na waliohama bila kulipa awaandike. Tulimwambia hao awaandike kwanza, na picha zao azibandike kubwa.